Herufi za Maji za Mwalimu Eliamini Mgonja

Leo ni Jumapili, tarehe 6 Novemba 1955. Ni miaka miwili na miezi tisa tangu niteremke milima ya Bombo kuja huku Lindi kukata mkonge. Mwalimu Eliamini Mgonja anamaliza kazi tarehe 31 Desemba mwaka huu, baada ya kuwafundisha watoto wa Upare kwa miaka thelathini na mitatu. Alianza Januari 1923, akiwa kijana wa viatu vya kuazima, na anamalizia Makanya, mahali ambapo hakupachagua.

Mwalimu Mkuu Yusto wa Makanya ameniandikia kwamba sherehe ya kumuaga itakuwa Jumamosi tarehe 17 Desemba, na kwamba karatasi ya sherehe imeachiwa nafasi ya wasifu. Mwalimu alipoulizwa nani amwandike, akajibu, "Mpeni Melkizedeki. Yeye nilimfundisha kuandika akiwa na ndevu, kwa hiyo hajasahau." Najua watu watacheka hapo, na wacheke. Mimi sikuwa mwalimu. Nilikuwa kibarua wa shule ya Bombo: kufyeka nyasi, kupasua kuni, kukandika kuta zilizobanduka na kugonga chuma cha kengele. Nilifanya kazi naye miaka minane, na hakuna mwalimu aliyekaa naye Bombo muda mrefu kuliko mimi.

Yusto ameomba wasifu uwe mfupi na wa kuchangamsha. Nitajaribu. Lakini kuna jambo moja la huzuni ambalo lazima liingie. Mwalimu akistaafu anapaswa kurudi kwake Bombo, na shamba lake la Bombo halina maji. Jina lake lilifutwa kwenye zamu mwaka 1944 na halijarudishwa mpaka leo. Wazee wa maji watakuwa wamekaa mbele siku ya sherehe. Naomba wasikilize hadi mwisho, na namwomba Yusto asikate kitu.

Kwanza, kazi yake.

Mwalimu alipoanza, alifundisha kama alivyofundishwa. Mtoto akiandika vibaya, alipigwa rula kwenye vidole. Ameniambia hayo mwenyewe, bila kujitetea. Mwaka 1932 alikuwa na mwanafunzi aliyeitwa Rogathe. Mtoto huyo alijua hesabu za kichwani kuliko wenzake wote, lakini mkono wake haukutii. Herufi zake zilipandana kama mbuzi mlangoni pa zizi, na alibonyeza kalamu ya jiwe mpaka inavunjika. Mwalimu alimpiga vidole muhula mzima. Siku moja Rogathe aliweka kibao chake juu ya dawati, akatoka nje kama mtu anayekwenda haja, asirudi tena. Alishuka bondeni akapotelea huko.

Mwalimu alikihifadhi kile kibao. Mimi nimekiona kwenye sanduku lake, chini ya nguo za kanisani. Aliniambia, "Nilikuwa naupiga mkono kwa sababu ni mkono. Ni sawa na kumpiga mbuzi kwa sababu ana pembe."

Miaka saba baadaye akaja dada yake Rogathe, Kaanaeli, kuanza shule. Mkono ulikuwa uleule. Mwalimu alipoona kibao chake cha kwanza alitoka nje, akasimama kwenye mgomba, akakaa huko muda. Mimi nilikuwa napasua kuni, nikadhani anaumwa tumbo. Aliporudi aliniuliza, "Melkizedeki, jembe liko wapi?"

Hapo ndipo herufi za maji zilipoanza.

Kwa wageni ambao hawajui kwetu: ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo. Maji ya kijito hujaa humo usiku, na asubuhi mwenye zamu huchomoa kizibo, yakashuka kwa mfereji hadi shambani kwake. Chini ya ndiva yetu kuna mteremko wa ardhi nyekundu, laini, ambao haulimwi. Mwalimu alimpeleka Kaanaeli pale akamwambia achimbe herufi kwa kijiti, kubwa kama mkeka, akianzia juu na kushuka. Kisha alifungulia maji kidogo yapite ndani ya herufi. Mahali mkono ulipokatika, maji yalisimama. Mahali mkono ulipobonyeza mno, yakatuama. Mahali ulipopotoka, yakamwagika pembeni. Mtoto aliona mwenyewe, bila mtu kumfokea.

Kaanaeli alikaa na herufi "a" siku nne. Siku ya tano maji yalizunguka yote yakatoka mkiani, naye akapiga ukelele mpaka mama mmoja aliyekuwa akipalilia akaja mbio na jembe akidhani nyoka. Kutoka herufi kubwa kama mkeka alikuja kwenye herufi kubwa kama sahani, ndani ya ungo wenye majivu, kwa kidole. Kutoka kwenye majivu akaja kwenye kibao. Kabla ya kushika kalamu, Mwalimu aliwapa watoto wa namna yake udongo wa mfinyanzi waukande, mpaka vidole vichoke na kulegea. Alisema mkono wenye hofu hukaza, na mkono uliokaza hauandiki.

Mimi nilikuwa nasimamia kizibo. Asubuhi moja kabla watoto hawajafika, alinikuta nachimba kwa siri jina langu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimeshaoa, nimeshaacha shule tangu darasa la pili kwa ajili ya vidole vilivyovimba. Nilitaka kufukia. Akasema, "Acha. Fungulia maji tuone." M yangu ilikatika mguu wa pili. Akachuchumaa, akanionyesha. Hakucheka. Kila asubuhi kwa mwaka mzima alinipa nusu saa, na sasa naandika karatasi hii mwenyewe, wakati wenzangu hapa kambini humwomba karani awaandikie hata salamu kwa mama zao.

Habari zikafika shule nyingine. Walimu wakaanza kuja Bombo siku za Jumamosi. Wa kwanza walikuja kwa dhihaka. Mmoja alivua viatu pembeni ya mteremko akasema, "Baba, mimi nilisomea ualimu ili niache jembe, wewe unanirudisha?" Mwalimu aliwaingiza darasani. Aliwagawia wote chaki, akawaambia waandike ubaoni majina yao kwa mkono wa kushoto, upesi, huku yeye akiwa nyuma yao na rula mkononi, akigonga meza. Watu wazima wale walitoka jasho. Majina yalikuwa kama nyayo za kuku. Kisha akaweka rula chini na kuwauliza, "Mnajisikiaje?" Yule wa dhihaka akajibu, "Kama mjinga." Mwalimu akasema, "Na jina lako unalijua?" Akasema analijua. "Basi na mtoto naye analijua." Baada ya hapo hakuna aliyelalamika juu ya jembe.

Kufikia 1944 walimu kumi na tisa walikuwa wamepita kwenye mteremko ule. Tulisikia mkaguzi wa shule atapanda Bombo mwezi wa Septemba kuona kazi hiyo kwa macho. Akiridhika, Mwalimu angetolewa darasani apewe kazi ya kuzunguka shule zote za Upare, Kaskazini na Kusini, kuwafundisha walimu namna ya kuwasaidia watoto wenye mkono mgumu. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama yeye wiki ile. Mkewe, Mama Honorata, alimshonea koti kwa kuunganisha makoti mawili.

Sasa ndiyo naingia kwenye jambo lenyewe.

Siku ya mkaguzi ilikuwa zamu ya maji ya Yudith, mjane, ambaye maharage yake yalikuwa yameanza maua. Mwalimu alikwenda kumwomba mbele ya Mzee Gideoni, msimamizi wa ndiva, amwachie maji ya asubuhi kwa saa moja. Yudith alikubali. Alisema, "Nenda kamwonyeshe huyo Mzungu kwamba Wapare wanaandika hata kwa maji. Ila maharage yangu yasisahaulike."

Jioni ya kuamkia siku hiyo tulifanya mazoezi. Watoto walichimba herufi zao upya, safi, zikapendeza. Mwalimu aliondoka na watoto, akaniachia kuziba ndiva. Kila mtu wa kwetu anajua kuziba ndiva ni kazi ya mikono miwili na subira: kigogo hufungwa majani ya migomba, hugongwa kikakaa, kisha hukandikwa udongo pande zote, halafu huondoki mpaka uangalie kama kinatoa machozi. Mimi niligonga kigogo. Udongo sikukandika. Bondeni kulikuwa na harusi ya binamu yangu na dengelua, pombe yetu ya miwa, ilikuwa imeiva, ngoma nazisikia. Nilisema moyoni, kitashika hadi asubuhi.

Hakikushika. Asubuhi ndiva ilikuwa tupu na ukingo mmoja umebomoka. Maji yote yalishuka kwa pamoja yakafuta herufi za watoto, yakabeba ule udongo mwekundu na kuumwaga juu ya maharage ya Yudith. Mkaguzi alifika saa tatu akakuta matope, watoto wanalia, na mama mmoja amesimama katikati ya shamba akiita majina ya marehemu wake.

Wazee walikaa siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma, kichwa kinaniuma, mtoto wangu wa kwanza ana miezi mitatu. Nilijua mila. Aliyeacha ndiva wazi hufutwa kwenye zamu, yeye na nyumba yake, mpaka asimame mbele ya wazee aseme kwa mdomo wake, "Niliiacha wazi mimi," atoe beberu, kisha aizibe kwa mikono yake wakimwangalia. Beberu sikuwa naye. Na shamba langu ndilo lililokuwa chini kabisa ya mfereji.

Mzee Gideoni aliuliza, "Nani alikuwa wa mwisho kwenye kizibo?"

Mwalimu akasimama na koti lake jipya. "Maji niliyaomba mimi."

"Sikuulizi nani aliomba, Mwalimu. Nauliza nani alifunga."

"Maji niliyaomba mimi, Mzee."

Yudith akadakia kutoka pembeni, "Amesema mara mbili. Mnataka aimbe? Maharage yangu yamezikwa bila hata mchungaji, na ninyi mnabishana habari za kuomba na kufunga!"

Basi wakaandika jina lake kuwa la kufutwa kwenye zamu. Hakunitazama hata mara moja. Nami nilitazama miguu yangu. Kulikuwa na udongo mwekundu kati ya vidole, na nilivisugua chini mpaka ukatoka.

Mkaguzi naye aliandika yake, kwamba mwalimu huyu huchezea maji ya wakulima na kuleta ugomvi kijijini. Kazi ya kuzunguka haikutolewa. Januari 1945 Mwalimu alihamishiwa Makanya, tambarare, kwenye vumbi. Mama Honorata alibaki Bombo na shamba kavu. Kwa miaka sita alimwagilia mboga zake kwa mtungi wa kichwani, kutoka kijitoni, akipita kando ya mfereji uliojaa maji ambayo hakuruhusiwa kuyagusa. Mimi nilimwona akipita. Alikuwa akinisalimu.

Kila likizo Mwalimu alipanda mlima, na kila mara Mzee Gideoni alimwendea. "Mwalimu, sema lile neno moja. Sema uliiacha wazi, leta beberu, urudi kwenye maji tuyamalize." Mwalimu alijibu, "Shikamoo, Mzee. Nililolisema ndilo nililo nalo." Watu walisema ana kichwa cha jiwe la mtoni. Walisema elimu imemtia kiburi, hata kosa dogo hawezi kukiri. Mimi peke yangu nilijua kwa nini halisemi. Si kweli, ndiyo maana. Aliweza kubeba kosa langu, lakini kusema uongo hakuweza. Na kweli yenyewe hakuisema kwa sababu ingenitaja mimi.

Mama Honorata alifariki mwaka 1951. Nilikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Udongo wa pale ulikuwa mgumu, haujaona maji miaka mingi, tukatumia sururu. Mwalimu alinishukuru kwa kazi. Nilifungua mdomo niseme, nikasema, "Pole, Mwalimu." Mwaka 1953 nilitia sahihi mkataba wa mkonge. Niliwaambia watu nafuata kipande cha kazi na mshahara. Nilikuwa nakimbia mtungi ule.

Lakini wasifu huu ni wa kazi yake, na kazi yake haikuishia kwenye matope. Makanya hakuna maji ya kuchezea. Kwa hiyo alichukua mchanga wa korongo lililokauka, akaumwaga darasani nyuma, na watoto wakachimba herufi humo na kumimina ndani yake chenga za mahindi zikitiririka kutoka kwenye kibuyu. Baadaye kuku wa jirani walianza kuhudhuria shule bila kukosa, ikabidi abadilishe chenga, awape watoto majivu. Walimu waliendelea kumfuata, sasa kwa treni, kwa nauli zao, bila kutumwa na mtu. Yusto mwenyewe alikuwa mmoja wao. Ameniandikia kwamba amehesabu walimu zaidi ya sitini, na kwamba katika shule yake rula sasa hupiga mistari tu.

Kaanaeli ni mwalimu huko Jipe. Mwandiko wake ubaoni, nasikia, ni kama nyuzi za mshonaji. Na huko Jipe alimkuta kaka yake Rogathe, mvuvi wa perege, mtu mzima mwenye watoto wanne. Alimfundisha kuandika jina lake kwenye tope la ufukweni, kwa kijiti, akianzia juu. Mwalimu aliposikia alikitoa kile kibao cha mwaka 1932 sandukuni akakituma Jipe kwa mkono wa dereva wa lori. Barua iliyokuja kujibu ilikuwa na neno moja tu, jina la Rogathe, herufi kubwa, limekaa sawa. Yusto anasema Mwalimu anatembea nayo mfukoni.

Sasa ni Jumapili ya tatu tangu nianze kuandika. Utomvu wa mkonge umenichubua vidole na mwiba umeingia chini ya kucha ya kidole cha shahada, kwa hiyo M zangu zinakatika tena mguu wa pili. Naomba, hata kama karatasi ya sherehe itapigwa chapa Same, hii yenyewe apewe Mwalimu mkononi. Ataona wapi maji yanasimama.

Mzee Gideoni, Mama Yudith, wazee wote wa ndiva, shikamooni. Jioni ile ya Septemba 1944 Mwalimu Eliamini hakuwepo kwenye kizibo. Niliiacha wazi mimi. Nimeandika kwa mkono wangu, na mkono huu yeye ndiye aliyeufundisha. Najua mila inataka mdomo, haitaki karatasi. Basi karatasi hii itangulie, mdomo unakuja. Ila nawaombeni msimngojeze mtu asiye na kosa kwa sababu mwenye kosa yuko mbali. Mvua za vuli zikiisha atahitaji maji.

Mwalimu, ahsante kwa nusu saa za asubuhi. Ahsante kwa Kaanaeli, kwa Rogathe, na kwa watoto ambao vidole vyao havitavimba tena kwa sababu yako. Samahani siiandiki, kwa kuwa nataka kuisema nikiwa nimesimama mbele yako. Ulale vizuri nyumbani kwako, ule kande za shamba lako mwenyewe, na mfereji upite mlangoni pako ukiutazama.

Mkataba wangu unaisha tarehe 31 Machi. Nitapanda meli hadi Tanga, na Jumatano tarehe 11 Aprili 1956 nitashuka kwenye treni stesheni ya Makanya, beberu nitamnunua hapohapo. Kesho yake alfajiri nitapanda Bombo, pamoja na Mwalimu, kama bado yuko Makanya na akikubali kutembea na mimi. Mzee Gideoni, Alhamisi hiyo kizibo kisiguswe na mtu mwingine.